Mbolea kwa Mimea ya Tangi la Samaki: Kusoma Lebo, Kupima, na Kuepuka Hasara

Mtu anayefuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo, akapanda humo mimea hai, hufikiwa na siku ambayo majani huanza kupauka. Hapo ndipo huulizia mbolea. Madukani hukuta bidhaa mbili zilizo mbali sana. Ya kwanza ni kichupa cha maji ya rangi kilichotoka ng'ambo, chenye bei kubwa na maandishi ya lugha ambayo pengine haisomi. Ya pili imo katika duka la pembejeo la mtaa wa jirani: chembechembe nyeupe zinazopimwa kwa kilo na kuuzwa kwa bei ndogo. Zote mbili huitwa mbolea. Kichupa kile chaweza kuwa na virutubisho kidogo mno kuliko thamani yake. Chembechembe zile zaweza kuua samaki wote wa tangi kwa siku mbili au tatu. Somo hili limekusudiwa kumsaidia mtumiaji wa Tanga, Muheza, Pangani na miji mingine ya mwambao kuchagua kwa kuelewa, kupima kwa usahihi, na kujua haki zake anapouziwa kisichofaa.

Kwanza, je, mbolea inahitajika?

Mara nyingi haihitajiki. Hili halisemwi sana na wauzaji, nasi twaona lisemwe mwanzoni. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza mbele ya wanakemia wenzake jinsi alivyoweka samaki, konokono na mmea wa majini uitwao Vallisneria katika chombo kimoja, na jinsi viumbe hao walivyotegemeana. Samaki hutoa uchafu, bakteria huugeuza, mmea huunyonya na kutoa oksijeni wakati wa mwanga. Kanuni hiyo haijabadilika. Chakula unachowapa samaki kina nitrojeni na fosforasi, na sehemu kubwa ya virutubisho hivyo huishia majini. Tangi lenye samaki wengi na mimea michache ya mwendo wa polepole limekwisha kutiwa mbolea na mwenye tangi mwenyewe, kila asubuhi anapolisha.

Tangi linalohitaji nyongeza ni lile lenye mimea mingi inayokua kwa kasi, samaki wachache, na taa yenye nguvu. Hata hapo, kinachopungua kwanza kwa kawaida si nitrojeni bali potasiamu na chuma, kwa kuwa chakula cha samaki huleta kiasi kidogo tu cha vitu hivyo. Kwa hiyo anayenunua mbolea yenye nitrojeni nyingi kwa sababu tu mahindi ya shambani huipenda, ananunua kile ambacho tangi lake tayari linacho kwa ziada.

Kabla ya kutoa fedha, chunguza mambo mawili. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, si usiku kucha. Na tangi lisikae dirishani panapopiga jua la mchana, kwani jua la mwambao huleta mwani wa kijani na kupasha maji moto kupita kiasi. Matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ni njaa ya mimea huisha mambo hayo yanaporekebishwa, wala hayagharimu chochote.

Maji yetu ya mwambao

Ushauri ulioandikwa Ulaya kwa ajili ya tangi la Ulaya haufai kuhamishwa hapa bila kufikiriwa. Maji ya bomba ya Jiji la Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani, lililojengwa kwenye Mto Sigi unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Visima vingi vya mwambao, kwa upande mwingine, vimechimbwa katika miamba ya matumbawe na chokaa, miamba ya jamii ileile iliyofanya mapango ya Amboni. Maji yaliyopita katika chokaa huwa magumu na yenye pH iliyo juu ya 7. Sabuni haitoi povu kwa urahisi, na birika la chai hujenga ukoko mweupe. Visima vilivyo karibu na bahari huweza pia kuwa na chumvi, na hivyo havifai kabisa kwa mimea mingi ya maji baridi.

Ugumu wa maji una faida: mimea hupata kalisiamu, na mara nyingi magnesiamu, bila kununua. Lakini pH ya juu pamoja na joto la kwetu huleta hatari moja ambayo ndiyo kiini cha somo hili, nayo ni amonia.

Amonia majini huwa katika hali mbili. Hali ya kwanza haina madhara makubwa. Ya pili ni sumu inayounguza matamvua ya samaki. Kiasi cha kila hali hutegemea pH na joto. Katika maji ya nyuzi 28 za Selsiasi yenye pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Katika joto hilohilo pH ikiwa 8, sehemu hiyo hupanda hadi zaidi ya asilimia 6. Mfugaji wa nchi ya baridi mwenye maji laini aweza kukosea kipimo na asipate hasara kubwa. Mfugaji wa Chumbageni mwenye maji ya kisima, wakati wa joto la kaskazi, hana nafasi hiyo. Isitoshe, maji ya joto hushika oksijeni kidogo: ya nyuzi 30 hubeba yapata miligramu 7.5 tu kwa lita, na umeme ukikatika pampu ya hewa nayo husimama.

Hesabu ya kijiko kimoja cha urea

Tuchukue mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35. Wengi hudhani lina lita 63, kwa kuwa ndivyo hesabu ya kuzidisha inavyotoa. Lakini maji hayajazwi hadi ukingoni, na mchanga na mawe huchukua nafasi. Maji halisi ni yapata lita 50. Kumbuka tofauti hiyo, kwa sababu vipimo vyote hapa chini vimejengwa juu ya lita 50 za maji halisi. Mwenye tangi kubwa au dogo azidishe au agawanye kwa uwiano.

Kijiko cha chai cha urea kina takriban gramu 4. Urea ni asilimia 46 nitrojeni, hivyo gramu hizo zina karibu gramu 1.8 za nitrojeni. Zikigawanywa katika lita 50, kila lita hupata zaidi ya miligramu 36. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana. Maji ni meupe, samaki wanaogelea, na mwenye tangi huridhika, pengine akaongeza kijiko cha pili. Lakini bakteria wa tangi huanza kuivunja urea na kuigeuza amonia. Nitrojeni yote hiyo ikigeuka katika maji ya pH 8 na nyuzi 28, sehemu yenye sumu itazidi miligramu 2 kwa lita. Kiwango kinachoshauriwa kwa ufugaji hakizidi miligramu 0.05. Kijiko kimoja, basi, chaweza kukipita kiwango hicho mara 40 na zaidi. Samaki hupanda juu wakihema kwa kasi, matamvua yakiwa mekundu, kisha hufa mmoja baada ya mwingine, na mwenye tangi hushangaa kwa kuwa mbolea aliiweka juzi.

Kinachosemwa kuhusu urea chahusu pia mbolea ya DAP, ambayo nitrojeni yake yote imo katika umbo la amonia, na CAN, ambayo nusu ya nitrojeni yake imo katika umbo hilo. Mbolea nyingi za NPK za kupandia nazo zina amonia au urea. Hizi ni mbolea nzuri kwa shamba la Korogwe au Lushoto, ambako udongo huishika amonia na kuigeuza taratibu. Ndani ya kioo hakuna udongo wa kutosha kufanya kazi hiyo. Samadi ya kuku haifai kwa sababu ileile. Majivu ya jikoni, ambayo wapo wanaoyapendekeza kwa kuwa yana potasiamu, hupandisha pH kwa ghafla na kuifanya amonia iliyomo majini kuwa sumu zaidi. Na takataka za mkonge zilizooza, ambazo katika mkoa huu hazina shida kupatikana, hula oksijeni ya maji. Mahali pake ni shambani.

Ikiwa urea au DAP imekwisha kutiwa kwa bahati mbaya, usingoje dalili. Badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo, kesho nusu nyingine, na keshokutwa tena. Acha kulisha kwa siku hizo. Washa pampu ya hewa mfululizo. Maji mapya ya bomba yaachwe katika ndoo wazi kwa saa 24 kwanza ili klorini itoke, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini ikiwa ipo. Hatari ikiwa kubwa, chumvi za mbolea zikiwa zimetiwa kwa kijiko kizima na samaki tayari wanahema juu, ni afadhali kuwahamishia katika ndoo ya maji safi yenye joto lilelile kuliko kubishana na tangi.

Namba tatu za kwenye mfuko

Kila mfuko wa mbolea ya viwandani hubeba namba zinazotenganishwa kwa vistari: 46-0-0, 18-46-0, 17-17-17, 13-0-46. Namba ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni. Ya pili huhesabiwa kama oksidi ya fosforasi, na ya tatu kama oksidi ya potasiamu, ijapokuwa oksidi hizo zenyewe hazimo mfukoni. Ni desturi ya zamani ya wanakemia ambayo biashara imeirithi. Ili kupata fosforasi halisi, zidisha namba ya pili kwa 0.44, ili kupata potasiamu halisi, zidisha ya tatu kwa 0.83. Kwa hiyo mbolea ya 13-0-46 ina potasiamu halisi asilimia 38 hivi.

Namba hizo hata hivyo hazikwambii nitrojeni imo katika umbo gani, na kwa mwenye samaki hilo ndilo swali kubwa. Tafuta sehemu ya lebo inayochanganua nitrojeni. Ikiandikwa kuwa yote ni ya naitreti, mbolea hiyo inafaa kufikiriwa. Ikitajwa amonia au urea, irudishe rafuni. Ikiwa lebo haisemi chochote, muuzaji hawezi kujua kwa kuiangalia rangi, nawe vilevile.

Mbolea za kupulizia majani, ambazo wakulima wa mboga huziita busta, zinahitaji tahadhari ya pekee. Nyingi zina urea, na baadhi zina shaba. Shaba huua konokono na kamba wa tangi hata ikiwa kidogo sana, na ikizidi hudhuru samaki.

Vichupa vya ng'ambo vilivyotengenezwa kwa ajili ya matangi huwa salama zaidi kwa samaki, lakini hapa hasara ni ya mfuko wa fedha. Usilinganishe bei kwa ukubwa wa chupa. Tuseme chupa moja ina mililita 250 na potasiamu asilimia 1, na nyingine ina mililita 500 na potasiamu asilimia 0.3. Ya kwanza ina takriban gramu 2.5 za potasiamu. Ya pili, ingawa ni kubwa maradufu, ina gramu 1.5 tu. Asiyepiga hesabu atanunua ya pili na kujiona amepata nafuu. Chupa isiyotaja asilimia yoyote, ikaahidi tu majani mabichi na maji maangavu, haistahili fedha yako hata ikiwa na picha nzuri kiasi gani.

Kutengeneza nyumbani kwa chumvi safi

Kwa wenye uangalifu kuna njia ya tatu, iliyo nafuu kuliko vichupa na salama kuliko mbolea ya kupandia. Wakulima wa nyanya na maua wanaotumia umwagiliaji wa matone hununua chumvi zinazoyeyuka zote majini. Mbili zatufaa. Naitreti ya potasiamu, 13-0-46, ina nitrojeni katika umbo la naitreti peke yake. Fosfeti ya potasiamu, 0-52-34, haina nitrojeni kabisa. Soma lebo kwa makini, kwa maana zipo mbolea za jina la biashara linalofanana ambazo zimechanganywa na amonia.

Pima gramu 15 za naitreti ya potasiamu na gramu 1.5 za fosfeti ya potasiamu. Mizani ya jikoni haiwezi kupima gramu moja na nusu kwa usahihi. Mwombe sonara akupimie kwa mizani yake ya dhahabu, akiwa radhi. Yeyusha zote mbili katika mililita 500 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Mililita 10 za mchanganyiko huo, zilizovutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, zikitiwa katika tangi la lita 50 huongeza naitreti yapata miligramu 3.7 kwa lita na fosfeti yapata miligramu 0.4. Anza na mililita 10 mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki tatu, ukiangalia majani mapya. Ikiwa mimea imechangamka na mwani haujaongezeka, waweza kufanya mara mbili kwa wiki. Usipite hapo bila kipimo cha naitreti, ambacho huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo kama vikaratasi vya kuchovya.

Kila wiki badilisha robo hadi theluthi ya maji. Pasipo kubadilisha maji, chumvi hujilimbikiza, na aliyekuwa na upungufu mwezi wa kwanza huwa na ziada mwezi wa nne. Maji yanayotolewa yasimwagwe ovyo: mgomba, mnazi mchanga au sufuria la mchicha barazani litayapokea kwa furaha.

Kwa tangi lenye samaki wengi, ambalo naitreti yake iko juu tayari, achana na mchanganyiko huo. Tumia salfeti ya potasiamu peke yake: nusu gramu katika lita 50 huongeza yapata miligramu 4 za potasiamu kwa lita, bila nitrojeni wala fosforasi.

Naitreti ya potasiamu yahitaji heshima nyumbani. Huchochea moto. Isiwekwe karibu na mafuta ya taa, mkaa, gesi ya kupikia wala kiberiti, na isihifadhiwe katika chupa ya soda au mkebe wa chumvi ya mezani. Ni nyeupe kama chumvi, na mtoto hawezi kuitofautisha, wala mpishi mwenye haraka. Iandikwe jina kwa herufi kubwa na ifungiwe kabatini. Ikimezwa, mpeleke aliyeimeza kituo cha afya pamoja na mfuko wenye lebo.

Chuma, na kwa nini maji ya chokaa huibana

Jani jipya likitoka la njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, aghalabu chuma ndicho kinachokosekana. Msumari wenye kutu uliozikwa mchangani, kama wapo wanaoshauri, hausaidii: katika maji magumu chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka na mmea hauwezi kukinyonya. Kwa sababu hiyo viwanda hukifunga chuma ndani ya kiungo kinachokilinda, na kukiita cheleti. Zipo cheleti za aina mbalimbali. Ile inayoandikwa EDTA ndiyo ya bei nafuu, lakini katika maji yenye pH ya juu huachia chuma mapema. Ile inayoandikwa DTPA hustahimili zaidi. Kwa anayetumia maji ya kisima cha chokaa, tofauti hiyo ya herufi yastahili kulipiwa.

Chuma kiwekwe katika chupa yake, mbali na ule mchanganyiko wa fosfeti, kwani vikikutana katika chupa moja hushikana na kutuama. Hata tangini, tia kimoja leo na kingine kesho.

Jinsi ya kuusoma mmea mwenyewe si ngumu. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu ni vitu ambavyo mmea waweza kuvihamisha. Unapokosa, huvitoa katika majani ya zamani na kuyapa machanga. Kwa hiyo jani la chini likipauka lote, fikiria nitrojeni. Likitoboka vitundu vidogo vyenye kingo za njano, fikiria potasiamu. Chuma hakihamishiki, na ndiyo sababu dalili yake huonekana juu. Jani lililokwisha kuharibika halirudi kuwa zima. Likate, na uhukumu mbolea yako kwa majani yaliyoota baada yake.

Mchanga nao waweza kuwa chanzo cha tatizo. Mchanga wa pwani umejaa vipande vya kombe na matumbawe, ambavyo huyeyuka kidogo kidogo na kuongeza ugumu na pH. Kamulia ndimu juu ya kijiko cha mchanga mkavu: ukichemka povu, una chokaa. Mchanga wa mtoni, uliooshwa mara nyingi hadi maji yawe meupe, hufaa zaidi.

Mimea ya kuchuma na mimea ya kutupa

Mimea kadhaa ya majini humea yenyewe katika mito na mabwawa ya Afrika Mashariki: yungiyungi, Vallisneria ileile ya Warington, na ule mmea usio na mizizi wenye majani kama mkia, Ceratophyllum, ambao hunyonya virutubisho haraka kuliko mingi na ambao kwa anayeanza tunaupendelea kuliko mbolea yoyote. Tatizo ni namna ya kuupata. Kichocho kipo katika maji mengi ya mwambao, na konokono wanaokieneza hukaa hasa kwenye mimea. Anayeingia bwawani kwa miguu mitupu kutafuta mmea wa bure anaweza kurudi na ugonjwa. Ni bora kununua au kupewa mmea uliokuzwa tangini. Uliotoka porini ushikwe kwa glavu, usuguliwe, na uondolewe konokono wote pamoja na mayai yao, ambayo huonekana kama vidonge vya ute chini ya majani. Ndoo ya mimea isiyo na samaki hufunikwa kwa chandarua, la sivyo huzalisha mbu.

Mimea inayozidi, na yenye mbolea hakika itazidi, isitupwe mtaroni wala mtoni. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, liliripotiwa katika mito ya Sigi na Pangani tangu miaka ya 1950, na baadaye likafunika ghuba za Ziwa Viktoria. Katika mito hiyohiyo ya Pangani na Sigi huishi perege wa Korogwe, samaki ambaye sayansi imempa jina la mji huo. Mimea ya ziada ianikwe juani hadi ikauke kabisa, kisha izikwe au itiwe kwenye mboji. Gugu maji lenyewe lisifugwe wala kununuliwa, hata likiuzwa kwa jina jingine la kuvutia. Samaki wa tangi wasioweza kutunzwa tena wasiachiliwe mtoni pia. Warudishwe dukani au apewe mfugaji mwingine.

Haki za mnunuzi

Biashara ya mbolea nchini inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Mbolea hutakiwa kusajiliwa na muuzaji kuwa na leseni. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kuhusu yote mawili bila kuonekana mkorofi. Mashaka juu ya uzito hupelekwa Wakala wa Vipimo. Bidhaa bandia na maelezo ya kupotosha, kama chupa inayodai kuwa na chuma nayo haina, huhusu Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mbolea ya kupima kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa ina bei ya kuvutia kwa mwenye tangi, ambaye hahitaji kilo 50 wala 25. Lakini ndani ya mfuko mdogo wa nailoni hakuna lebo, na chembe nyeupe za urea hazitofautiani sana kwa macho na chumvi nyingine nyeupe. Ukilazimika kununua hivyo, omba uonyeshwe mfuko wa asili, upige picha ubavu wenye namba na jina la mtengenezaji, na uhakikishe kwamba unapimiwa kutoka mfuko huohuo. Afadhali zaidi wafugaji watatu au wanne wa mtaa mmoja wachangie mfuko mdogo uliofungwa kiwandani na kugawana wenyewe.

Dai risiti hata kwa kichupa cha bei ndogo. Ukipata hasara, usitupe chombo. Hifadhi mbolea iliyobaki katika mfuko wake, jaza chupa safi kwa maji ya tangi kabla ya kuyabadilisha na uiweke kwenye jokofu, piga picha za samaki na za lebo, na andika tarehe na saa uliyotia mbolea pamoja na kiasi ulichotia. Nenda kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asiposikiliza, malalamiko ya maandishi yenye vielelezo hivyo yapelekwe katika ofisi inayohusika, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.